Nilichoma sindano kwa siri, sasa siku zangu hazirudi na mama mkwe anahesabu miezi

Shikamoo Shangazi,

Naomba usiweke jina langu. Mi ni dada wa miaka 28, kwetu Rungwe ila naishi Mbeya mjini, nauza maparachichi na ndizi za kupika pale Mwanjelwa. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kike ana miaka 3 na miezi 2. Mume wangu ni dereva wa semi, anapiga Dar hadi Lubumbashi, akiondoka ni wiki tatu mpaka mwezi, akirudi anakaa siku 4 au 5 simu inaita anaondoka tena.

Nianzie mbali kidogo. Huyu mtoto nilimpata kwa operesheni na haikuwa ya kupangwa, nilikaa na uchungu usiku kucha asubuhi ndo wakanikimbiza, na baada ya hapo damu ikawa haikati, niliongezewa chupa 3. Nachokumbuka ni baridi tu, meno yanagongana na wamenifunika mablanketi mawili, nasikia mtu anauliza huyu kaja na nani. Mume wangu kipindi hicho alikuwa foleni ya boda huko Kongo, hakuna mtandao wala nini. Amefika siku ya tisa amenikuta nje naota jua na mtoto nakunywa uji, akauliza mnaendeleaje nikamwambia safi tu. Mpaka leo sijawahi kumsimulia. Mama alishaniambia mambo ya leba mwanaume haambiwi.

Siku zangu zilirudi mtoto akiwa na miezi 10, kawaida kabisa. Alivyofika mwaka na miezi miwili nikaenda kliniki kimyakimya nikachoma ile sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba maana Shangazi nilikuwa naogopa kufa. Sikumwambia mtu. Nimechoma jumla 6, kadi naificha chini ya kreti la maparachichi, chini ya gazeti. Kuanzia ya pili hedhi ikakata kabisa na kwakweli nilifurahi, pedi zenyewe bei.

Sasa mume akaanza kulilia mtoto wa pili. Alafu siku moja nikamwona binti yangu kajifunga gunzi la muhindi mgongoni na kipande cha kanga anambembeleza, anamwambia "nyamaza mama anakuja". Nikaacha sindano. Ya mwisho ilikuwa tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka jana, mwezi wa kwanza nilitakiwa kurudi sikurudi. Leo ni mwezi wa saba, miezi 6 imepita sijaona kitu, zaidi ya mwezi wa nne niliona matone ya kahawia siku mbili basi. Nimepima mkojo mara mbili, mwezi wa tatu na wa tano, mstari mmoja.

Mama mkwe anakaa Kiwira, akija ananiangalia tumbo kabla hata sijamwamkia. Juzi kasema mbele ya mawifi "mwaka na nusu tangu amwachishe ziwa, tumbo limefungwa hilo". Akaniletea dawa kwenye chupa ile ya maji lita moja na nusu, katoa kwa mtaalamu, eti ya kusafisha kizazi, kikombe cha kahawa kutwa mara mbili. Nikanywa siku 3 tumbo likaninyonga nikaharisha mpaka nikafunga meza, damu yenyewe haikuja. Nimeacha ila nadanganya kwamba naendelea. Na mwenzangu mmoja wa sokoni ananiambia ile sindano inajaza damu tumboni inagandana, wengine hawazai tena.

Mume wangu sio mkali, hajawahi kunipiga. Ila safari hii akiwa anafunga begi kasema "au nitafute msaidizi?" akacheka. Mi sijacheka. Nimekonda, silali vizuri, saa tisa usiku niko macho na saa kumi natakiwa nikapokee mzigo.

Shangazi kizazi changu kimeharibika? Na je nimwambie mume wangu kuhusu sindano? Nikimwambia ataona miaka yote hii nimemzunguka. Nisipomwambia mwezi wa nane mama mkwe ananipeleka kwa yule mtaalamu mwenyewe, tarehe ameshapanga. Nisaidie. Ndaga fijo, asante sana.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, ndaga na wewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikachukua kalenda na kalamu maana niliona hapo nyumbani kwenu kila mtu anahesabu miezi kivyake. Mama mkwe anahesabu tangu mtoto aache ziwa, anapata mwaka na nusu. Wewe unahesabu tangu mwezi wa kwanza uliposusa kliniki, unapata miezi 6. Mumeo sijui anahesabu tangu lini, labda tangu binti alivyoanza kutembea. Mi naomba tuhesabu tangu tarehe 12 Oktoba, siku ya sindano ya mwisho, hapo inakuwa miezi 9.

Kwanini naing'ang'ania hiyo tarehe. Sindano ya miezi mitatu sio kama vidonge ambavyo ukiacha leo baada ya siku chache mwili umeshasahau. Dawa inakaa kwenye msuli inatoka kidogo kidogo, ile miezi mitatu waliyokuandikia ni muda ambao wana uhakika inakukinga, haimaanishi siku ya 91 imekwisha mwilini. Kuna wanaobaki nayo muda mrefu zaidi. Waliofuatilia wanawake walioacha sindano hii wakitafuta mtoto waliona kwa wastani mimba inashika kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, ni kama miezi minne nyuma ya wale waliokuwa wanatumia njia nyingine. Huo ni wastani, wapo wanaowahi na wapo wanaopita mwaka. Wewe uko mwezi wa tisa. Kwahiyo mpaka hapa ulipofika, mi sioni kitu cha ajabu kwa mtu aliyechoma sindano 6. Na haiharibu kizazi, inachelewesha tu.

Hiyo ya damu kujaa tumboni nimeisikia tangu nikiwa binti, na huyo mwenzako wa sokoni wala simlaumu kaipokea kama tulivyoipokea wote. Iko hivi. Kila mwezi ubongo unaamrisha ovari ikomaze yai, na ovari ikifanya kazi hiyo inatoa homoni zinazojenga utando ndani ya kizazi. Mimba isipotunga ule utando unabomoka na ndio damu tunayoiona. Sindano inafanya ile amri ya ubongo isitoke, yai halikomai, utando unabaki mwembamba, basi hakuna cha kubomoka. Ni shamba ambalo msimu huu halikupandwa, huwezi kwenda kuchimba ukasema mahindi yamejificha chini. Ndio maana ukanywa dawa ya mama mkwe siku tatu, ukaharisha, na damu haikuja. Haikuwepo! Yale matone ya kahawia ya mwezi wa nne ndio yaliyonipa moyo, inawezekana kabisa mwili ulikuwa unajaribu kuamka.

Sasa hapa sikiliza vizuri maana wengi wanajikwaa. Yai linatangulia, hedhi inafuata kama wiki mbili baadae. Maana yake mwanamke anaweza kushika mimba kabla hata hajaona siku zake kurudi, akaendelea kusema "sindano haijatoka mwilini" kumbe tumbo lina miezi mitatu. Ulipima mara ya mwisho mwezi wa tano, na toka hapo mumeo ameshakuja. Pima tena. Wewe una bahati moja ambayo wanawake wengi hawana, unajua tarehe ambayo mumeo kaondoka, hesabu wiki tatu kamili toka siku hiyo ndio upime, mkojo wa kwanza wa asubuhi, hapo mstari mmoja unauamini. Ukipima siku nne baada ya semi kuondoka unajichosha tu na hela inaenda.

Na hayo maondokeo yake yana hesabu yake pia. Yai likitoka linaishi siku moja tu hivi, mbegu za mwanaume zikiwa mwilini mwako zinaweza kufika siku 5. Kwa mwezi mzima una kama siku 6 za kushika mimba, na mumeo yuko nyumbani siku 4 au 5, ambazo zinaweza kuangukia popote. Madaktari wanaanza kusema hapa kuna ucheleweshaji baada ya mwaka mzima wa watu kukutana mara kwa mara bila kinga. Nyie huo mwaka hamjaanza hata kuuhesabu vizuri. Mama mkwe mwenyewe enzi zake angeolewa na dereva wa Lubumbashi sijui angezaa wangapi. (Hiyo usimpelekee.)

Kuna kitu kwenye barua yako kilinishtua kidogo kabla sijafika mwisho, ile damu uliyopoteza. Mara chache mwanamke akivuja sana wakati wa kujifungua, kuna tezi ndogo chini ya ubongo inaumia kwa kukosa damu, na dalili zake ni maziwa kutotoka, hedhi kutorudi kabisa, uchovu usioisha na kusikia baridi kupita wengine, ingawa kwa Mbeya mwezi wa saba hiyo ya baridi sote tunayo. Ila wewe umenyonyesha zaidi ya mwaka na nusu, na siku zako zilirudi mtoto akiwa na miezi 10 kabla hujagusa sindano. Hapo nikapumua. Bado ukienda kwa daktari mwambie kuhusu hizo chupa 3, usimfiche.

Kwenda unaweza kwenda hata wiki ijayo, ukitaka kulala usingizi. Ila ikifika Oktoba mwaka umetimia toka sindano ya mwisho na bado kimya, hapo nenda, Meta pale au hospitali yoyote yenye daktari wa akina mama. Watakupima mimba kwanza, hawatakuamini hata ukiapa, alafu damu kuangalia homoni ya maziwa na ya tezi ya shingo, na altrasaundi. Usingoje Oktoba kama maziwa yanatoka na hunyonyeshi, au kichwa kinauma sana na macho yanafifia, au ndevu zimeanza kuota kidevuni. Na ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, au kizunguzungu cha kuanguka, hasa kama kipimo kimesoma mistari miwili, hiyo hata usiku wa manane unatafuta bajaji unaenda, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Umesema umekonda. Hilo umelitaja kwa haraka ukapita, mi nimerudi nalo. Saa tisa macho, saa kumi mzigo, chai unakunywa saa ngapi? Mwili ukiona chakula kidogo na mawazo mengi nao unafunga duka la uzazi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona sindano. Sisemi ndio sababu yako, nasema usije ukaiongeza juu ya ile ya kwanza.

Sasa twende kwa mumeo, huku ndiko ulikonipa kazi.

Unaandika kwamba ukimwambia ataona umemzunguka. Inawezekana. Mwanaume anaweza kuumia kweli kwamba alikuwa anaomba mtoto na mwenzake anajua fika hatakuja, na maumivu hayo sio ya kuyadharau, hata kama sababu yako ilikuwa nzito. Lakini naomba nikuulize, huyo unayemwogopa ana habari gani mpaka sasa? Yeye anamjua mke aliyemkuta siku ya tisa anaota jua na kikombe cha uji. Yule wa mablanketi mawili hamjui. Kwahiyo kila akisema "tuongeze mtoto" anaona anaomba kitu cha furaha tu, hajui anakwambia urudi kule. Siri zako ziko mbili mwanangu na wewe umeniuliza moja. Mama yako alikuusia kwa nia njema, ndivyo tulivyofundwa, ila alikuusia kwa ndoa za wakati wake.

Njia zipo kadhaa na hakuna ambayo haina miiba. Unaweza kumwambia yote kwa mara moja, damu, hofu, sindano, kuacha. Faida yake unautua mzigo wote, hatari yake ni kwamba anaweza kushika neno sindano peke yake akaacha mengine. Ukichagua hii basi angalia siku, isiwe usiku aliofika ana uchovu wa njia wala asubuhi ya kuondoka, na tafadhali isiwe kwenye simu akiwa kwenye usukani anashuka milima ile. Unaweza kuanza na leba tu, safari hii, ukamsimulia ile siku ilivyokuwa na kumwonyesha unaogopa nini, ukaona anapokeaje, ya sindano ikaja baadae. Hii mi naiona ina upole, ila ina mtego wake, akija kugundua ya pili peke yake ataona umemkatia nusu mkate. Au mnaenda wote kliniki nesi awaelezee, watu wengine wanasikia vizuri likitoka kwa mwenye sare. Hapo tangulia peke yako kwanza umwambie nesi hali ilivyo, maana swali la kwanza atakalouliza ni "ulikuwa unatumia njia gani?" na mumeo yuko kwenye kiti cha pembeni.

Na unaweza kukaa kimya. Siku hizi watu wanapenda kusema ndoa bila ukweli wote si ndoa, mi nimeona ndoa nyingi sana siwezi kusema hivyo. Mwili ni wako na kliniki hawakuomba saini yake, hukuvunja sheria ya mtu. Ila ukimya unalipiwa, na sahivi anayeulipia ni wewe, unakunywa chupa usizozijua ili kulinda kadi. Na wakati wewe umenyamaza wenzako wanajaza pale ulipoacha wazi, mama mkwe kajaza "tumbo limefungwa", mumeo kajaza "msaidizi".

Huo utani wa msaidizi, hukucheka, yeye aliona hukucheka? Mi ningependa kujua. Mtu anaweza kusema vile kwa sababu ana mpango kweli, na mwingine anasema kwa sababu kasukumwa na mama yake na hajui aanzie wapi kuuliza. Wewe ndo unaijua sura yake akiwa anatania na akiwa anachomekea. Umesema hajawahi kukupiga na nimelipokea hilo, ila kama kuna kitu hukukiandika, kama kuna siku uliogopa mkono wake, basi hayo yote ya kumwambia yaweke pembeni kwanza, mshirikishe mtu mzima unayemwamini, na Dawati la Jinsia liko polisi, ukienda hawakulazimishi kumshtaki mtu siku hiyo hiyo.

Mama mkwe naye simwoni adui. Katoka Kiwira na chupa kwenye kikapu, anatamani mjukuu, ndio lugha anayoijua ya kusaidia. Lakini hakuna anayejua ndani ya ile chupa mna nini wala kipimo chake, na kama mimba ingekuwa imetunga siku ile ulivyoinywa ungekuwa umeihatarisha, ini na figo nazo zina lao. Kizazi sio sufuria la ukoko, hakisuguliwi, kinajisafisha chenyewe. Kwa ile tarehe ya mwezi wa nane, ukiwa umeshaonana na daktari utakuwa na neno la kweli la kumjibu kwa heshima, "mama, niko kwenye vipimo hospitali, wamenikataza kuchanganya dawa". Na kama mumeo atakuwa ameshajua, likitoka kwake kwenda kwa mama yake litakaa vizuri kuliko likitoka kwa mkamwana.

Kitu cha mwisho ambacho nilikitafuta kwenye barua sikukipata moja kwa moja. Umeandika mume analilia mtoto, mama mkwe anahesabu. Wewe je? Nilichopata ni lile gunzi mgongoni. Labda ndio jibu lako, labda ni huruma kwa binti tu na wewe bado unaota ile baridi. Ukienda hospitali ulizia pia damu ile ilitokana na nini na mimba ijayo wataisimamiaje, kwa sababu mwenye kovu la operesheni aliyevuja vile anatakiwa kuanza kliniki mapema na kujifungulia penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba. Nafasi kati ya watoto umeshaiacha vizuri, inashauriwa angalau miaka 2 kabla ya kutafuta mwingine, wewe umepita 3. Inawezekana ukishasikia mpango wenyewe hofu ikapungua, au ukagundua bado hauko tayari. Vyote viwili unaruhusiwa.

Ile dawa iliyobaki imwage usimgawie mtu pale sokoni, najua mtakuwa na mwenye shida kama yako. Na kadi itoe chini ya kreti, parachichi likiiva sana linavujisha mafuta yatakufutia tarehe, na daktari hizo tarehe atazitaka.